Daftari la Safari za Maneno

Baba yangu, Wilbroad Shigela, hajawahi kumeza kidonge bila kwanza kujua jina la kidonge hicho lilizaliwa wapi. Nilipokuwa darasa la nne aliugua malaria kali. Jina la ugonjwa lilimchukua dakika tano: Kiitaliano, hewa mbaya, na nyuma yake Kilatini. Akaridhika kuumwa. Dawa ndiyo iliyomshinda. Alilitafuta neno "quinine" kwenye kamusi yake siku mbili, kitanda kikitikisika, na alipoambiwa na mganga wa zahanati kwamba neno hilo lilitoka kwa watu wa milimani huko Amerika ya Kusini, alisema dawa hiyo haina ukoo na akageukia ukutani. Mama akamwambia kwamba hata ukoo wake yeye, huko Lusu, haukuwahi kusikia habari za Rumi mpaka mapadri walipokuja, na bado wanakula na kunywa. Akameza.

Naeleza haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea mwaka huu yalianza mwaka huu.

Baba alizaliwa Lusu, upande wa Nzega, akasoma seminari miaka mitano, akatoka bila upadri lakini na kamusi. Ni kamusi ya Kilatini kwa Kiingereza, nzito kama tofali la kuchoma, aliyopewa na padri mmoja mzee siku ya kuondoka. Ukimuuliza kwa nini aliondoka, anasema alihitilafiana na mwalimu juu ya kitenzi. Kitenzi chenyewe anakitaja. Nimekua nikiamini kwamba mimi nimekuja duniani kwa sababu ya kitenzi.

Baada ya seminari alipata ukarani wa stesheni pale Kigwa, akamwoa mama yangu, Gaudensia, akakaa hapo miaka thelathini na mmoja. Treni zilikuwa chache na muda ulikuwa mwingi. Hapo ndipo alipoanza daftari. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mara nne kutoka Tabora hadi pwani, na baba aliona kwamba neno nalo ni msafara. Kwa hiyo kila neno la Kiingereza alilolipata, kwenye gazeti, kwenye kopo la rangi, kwenye hati ya mizigo, aliliandikia vituo vyake. Kituo cha kwanza, Uyunani. Kituo cha pili, Rumi. Kituo cha tatu, Ufaransa. Kisha Uingereza, kisha meli, kisha reli, kisha Kigwa. Kanuni ilikuwa moja: neno haliruki kituo, na mtu hatui mzigo katikati ya njia. Alijaza madaftari kumi na manne.

Rafiki yake ni Mzee Thuwaini. Nasema rafiki kwa kuwa sijui neno jingine la mtu anayekuja nyumbani kwenu kila siku kugombana. Mzee Thuwaini ni wa familia za Kiomani za mjini Tabora, mfanyabiashara wa asali na nta, na miaka ile alikuja Kigwa kupakia mapipa yake kwenye treni. Treni ikichelewa, na haikukosa kuchelewa, alikaa ofisini kwa baba akasikiliza maneno. Babu wa baba yake yeye alikuwa mwenye misafara. Kwa hiyo walitaniana.

"Babu yangu alikuwa na mzigo, Padri," husema Mzee Thuwaini, kwani ndivyo anavyomwita baba, kwa sababu ya seminari. "Babu yako alikuwa na mabega."

"Ndiyo, Sheikh. Ndiyo maana mzigo ulifika."

Yako mambo ya njia ile ambayo hawakuyatania kamwe. Yakikaribia, mmoja wao aliuliza habari za mvua.

Ugomvi wao hasa ulikuwa mmoja. Mzee Thuwaini alidai kwamba nusu ya maneno ya baba yalipitia Uarabuni. Sukari, pamba, limau, alkoholi, hesabu za aljebra. Baba alikubali kwamba yalipita. Hakukubali kwamba yalilala. "Uarabuni si kituo," alisema. "Ni mahali pa kunywa maji na kuendelea." Katika madaftari yote kumi na manne hakuna mahali palipoandikwa Kituo, Uarabuni. Kwa miaka arobaini Mzee Thuwaini aliomba kituo kimoja tu. Hakupewa.

Baba alipostaafu tulihamia Itetemia, kando ya mji wa Tabora, na mimi nikaweka cherehani yangu barazani. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara na kanzu. Baba alikaa upande wa pili wa baraza, mbali na cherehani, na nilidhani ni kwa ajili ya kelele. Miaka mitatu iliyopita alianza kuilaumu TANESCO kwa giza la saa nne asubuhi. Kisha akaacha kulaumu, akaanza kuishika kamusi karibu na pua. Kisha akaacha kuishika.

Nikajitolea kumsomea. Akanisikiliza ukurasa mmoja, akasema ninasoma Kilatini kama mtu anayetangaza mnada. Nikamwambia simu yangu inaweza kulitafuta neno lolote kwa sekunde moja. Akasema ndiyo ubaya wake. Mtu aliyefika pwani kwa sekunde moja hajafika pwani.

Ndipo Mzee Thuwaini aliposema atasoma yeye.

Ikawa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Kila siku baada ya alasiri bodaboda ilimshusha mlangoni kabisa, amevaa kanzu yake na miwani nyeusi aliyotumiwa kutoka Maskati na mpwa wake Qais, daktari wa macho huko. Alijipapasa mpaka kwenye kiti. Akamwomba mama amfungulie kamusi kwenye herufi inayotakiwa, kwa sababu, alisema, mikono yake ina mafuta ya halua. Akatoa lenzi kubwa ya mkononi, akaiweka juu ya ukurasa, akasoma kwa sauti nzuri ya mtu aliyelelewa chuo cha Kurani. Mama akaandika kwenye daftari la kumi na tano. Baba akasikiliza amefumba macho. Nami naapa kwamba sikuwahi kumwona baba ametulia namna ile.

Niliona mambo, sikatai. Siku moja Mzee Thuwaini alilisalimia koti la baba lililoanikwa kwenye kamba, akasubiri lijibu. Nikadhani anatutania kwa unyonge wa koti. Siku nyingine nilimletea vitambaa viwili vya kanzu achague, naye hakuviangalia, alivipapasa tu kwa kidole gumba na kusema, "Hiki." Nikasema moyoni, huyu ni mfanyabiashara hasa. Mimi ni fundi wa nguo, kazi yangu yote ni macho, na sikuona kitu.

Baba naye aliona jambo moja. Kamusi ilianza kubadilika. Maneno ambayo zamani yalitoka Rumi moja kwa moja sasa yalianza kupita jangwani. "Hata 'candela'?" aliuliza siku moja kwa uchungu. "Mshumaa nao?"

"Ndivyo walivyoandika, Padri. Mimi nasoma tu."

Baba akasema mwandishi wa kamusi hiyo lazima alikuwa anazeeka tangu herufi C.

Mwaka huu, mwezi wa saba, madaktari wa macho walikuja hospitali kwa wiki mbili, kupasua bila malipo. Nilimpeleka baba siku ya kwanza. Walimtazama, wakamwandikia kadi, wakasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja limeshaiva, aje Jumanne. Kwenye kadi waliandika kwa Kiingereza: cataract.

"Hilo neno silijui," alisema baba tukiwa njiani kurudi.

"Ni mtoto wa jicho, baba."

"Hilo ni jina la hapa. Nauliza la kwenye kadi."

Jumanne haikumkuta tayari. Neno halijasafiri, alisema, na hawezi kupasuliwa kwa jina ambalo halijafika. Mzee Thuwaini wiki hiyo alikuwa na mafua, hakuja. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, baba alikaa barazani na kadi mfukoni. Madaktari walibakiwa na wiki moja. Daktari alikuwa amesema kwamba likiachwa mpaka mwakani, jicho lililoiva linaweza kupata shinikizo likafa kabisa, na hapo hakuna wa kulifufua. Nilimweleza hivyo, mara tatu. Akasema amesikia mara ya kwanza.

Mama alipokasirika aliacha Kiswahili. Alisema kwa Kinyamwezi kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nami nisikie vizuri.

"Mwambie mtoto ukweli. Kitenzi! Mwaka wa arobaini anadanganywa kwa kitenzi."

Kisha akaniambia yeye mwenyewe. Babu yangu, Mzee Shigela, alianza kupofuka akiwa na miaka hamsini. Akapita mtu kijijini, mgeni, akasema anaujua ugonjwa huo. Alimkalisha babu uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akamchoma jicho la kwanza kwa sindano, kisha la pili. Kwa siku mbili babu aliona mwanga, watu wakaimba. Kisha macho yakaoza. Baba aliitwa kutoka seminari kwa barua ya mistari minne, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kulima. Hakuna kitenzi.

"Tulimuuliza yule mtu jina la ugonjwa," baba alisema mwishowe, uso kaelekeza barabarani. "Alisema jina si kitu. Akachoma."

Ndipo nilipojua kwa nini hakai upande wa cherehani. Niliichomoa sindano, nikaifunga kwenye kitambaa na kuitia kwenye kopo. Sikuweza kushona tena siku hiyo. Nilikuwa nimemkasirikia baba wiki nzima, na sasa sikujua hasira hiyo niipeleke wapi.

Jumamosi Mzee Thuwaini alipona mafua akaja. Mama hakumngoja akae. Alimweka kitini, akafungua kamusi herufi C, akasema, "Kataraka. Soma."

"Cataracta," alisema baba.

Mzee Thuwaini aliuliza kwa nini neno hilo, leo. Tukamweleza: kadi, sindano, wiki iliyobaki. Aliigeuzageuza lenzi mkononi. Kisha akaiweka juu ya ukurasa.

"Kituo cha kwanza, Uyunani," alisoma. "Maana yake, maji yanayoporomoka kwa nguvu."

"Sawa," alisema baba. Kalamu ya mama ikaandika.

"Kituo cha pili, Rumi. Maporomoko ya maji, na pia lango la ngome linaloshushwa."

"Sawa kabisa."

"Lakini hapo halikuwa ugonjwa, Padri. Rumi halikuwa ugonjwa. Waganga wa Kiarabu ndio walioona kwamba ni maji yanayoshuka kutoka kichwani na kutanda jichoni. Wakaita nuzul al-maa, kushuka kwa maji. Kisha mmonaki mmoja, mtu wa Afrika ya kaskazini, akavichukua vitabu vyao akavitia katika Kilatini. Alipofika kwenye maji yanayoshuka, akatafuta neno, akalikuta hilo la maporomoko, akalitia humo. Kwa hiyo ugonjwa wako, Padri, hauna kituo Rumi ila kwa kupitia kwetu."

Kalamu ya mama ilisimama.

"Hayo yameandikwa hapo?" baba aliuliza.

"Ukurasa huu huu."

"Mwafrika?"

"Mwafrika, aliyebeba mzigo wa Kiarabu. Kama babu yako."

"Sheikh," alisema baba, "kamusi hiyo nimeisoma miaka hamsini. Hakuna mmonaki katika herufi C."

"Basi kajionee mwenyewe," alisema Mzee Thuwaini, akaifunga kamusi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi baba alikuwa barazani, amevaa viatu. Alisema anakwenda hospitali kupata macho ya kumuumbua Mwarabu. Tulipokuwa kwenye foleni niliona anashika mkono wangu kama alivyonishika mimi nilipokuwa mdogo tukivuka reli. Alimuuliza daktari kama ni sindano au kisu. Daktari akamweleza hatua kwa hatua, kila kifaa na jina lake. Baba akamshukuru kwa majina. Wakampasua Jumanne, jicho moja.

Jumatano walimfungua bandeji. Alimtazama mama, akasema amepungua. Mama akasema amepungua tangu mwaka juzi. Akanitazama mimi, kisha ukuta, kisha akaomba miwani ya kusomea, na tulipofika nyumbani akaomba kamusi. Alikuwa ameambiwa asiinue kitu kizito, kwa hiyo niliishika mimi.

Herufi C ilisema: maporomoko, lango la ngome, mlango wa maji, kutoka Kiyunani. Mistari minne. Hapakuwa na Waarabu wala mmonaki.

"Nilijua," alisema baba, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha kwa mtu mwenye kidonda jichoni. Akataka daftari la kumi na tano ili ahakiki maneno yote ya mwaka mmoja na nusu, moja moja, na kamusi. Alianza akicheka. Neno la kwanza halikuwemo kama lilivyosomwa. La pili pia. La tano alilisoma mara mbili, akaacha kucheka.

"Mama Levina," alisema, "haya si ya kamusi."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu. Hili nilimwambia mimi, ofisini Kigwa, treni ilipokwama siku tatu kwa mafuriko. Na hili. Na hili la mshumaa, mpaka hapo alipotia jangwa lake." Alifunua kurasa. "Hajasoma hata mstari mmoja. Ananirudishia maneno yangu."

Nilikumbuka koti kwenye kamba. Nikakumbuka vitambaa, na mafuta ya halua, ingawa kwa mwaka mmoja na nusu sikuwahi kuiona halua yenyewe. Nikawaambia. Mama akaketi.

Usiku huo nilitafuta kwenye simu. Mmonaki alikuwemo. Mtu wa Afrika ya kaskazini, karne ya kumi na moja, vitabu vya Kiarabu, maji yanayoshuka. Asubuhi, tukiwa kwenye bajaji kwenda mjini kwa Mzee Thuwaini, nilimweleza baba. Akasema simu haina ukoo. Daftari lilikuwa mapajani mwake.

Mzee Thuwaini alikuwa barazani kwake, bila miwani, hakututarajia. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu Levina. Na huyo anayepumua kwa hasira ni Padri. Umeona?"

"Nimeona," alisema baba. "Tangu lini, Sheikh?"

"Tangu kabla yako. Qais alinipima alipokuja, akanieleza ugonjwa na jina lake na huyo mmonaki wake, ili anitie moyo. Kila mwaka nasema baada ya Ramadhani."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee Thuwaini alipapasa kiti, akakigusa, hakukaa.

"Ningekuambia sioni, ningekuwa nakuja kwako kufanya nini? Biashara wameshika vijana. Treni haipakii asali yangu tena. Nilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, Padri, kukusomea, nayo sikuiweza. Nikasoma niliyoyakumbuka. Nilikumbuka mengi. Nilipoishiwa nikaongeza kidogo."

"Jangwa."

"Kidogo tu."

Baba alivuta pua. Nilidhani ni jicho, nikatoa pamba, akanisukuma mkono.

"Madaktari wanaondoka kesho," alisema. "Vaa."

"Mimi nimeshazeeka. Na naogopa."

"Mimi nilikwenda naogopa. Nilishika mkono wa huyu mtoto mpaka ukafa ganzi."

"Wewe ulikwenda kwa hasira. Mimi sina wa kumkasirikia."

Kisha baba akafungua daftari la kumi na tano kwenye ukurasa ambapo kalamu ya mama ilisimama, akaniomba kalamu yangu ya kuchorea vitambaa. Akaandika mwenyewe, polepole, herufi kubwa, akisema kila neno kwa sauti.

"Kituo cha tatu. Uarabuni."

Mzee Thuwaini aligeuza kichwa.

"Lilipita tu," aliuliza, "au lililala?"

Bajaji mbili zilipita.

"Lililala," alisema baba, akaliandika nalo.

"Nitajuaje kama umeandika kweli?"

"Utasoma mwenyewe Jumamosi."

Mzee Thuwaini alisimama hapo bado ameshika mgongo wa kiti. Kisha akaniuliza mimi, si baba, kofia yake iko wapi.